Kwa nini huduma ya nyumbani hukatwa kwanza: bajeti za majimbo ya Marekani na watu wanaohitaji uangalizi

Mei 2025 Gavana Gavin Newsom wa California alipeleka bungeni Sacramento bajeti iliyofanyiwa marekebisho. Jimbo lilikuwa na pengo la takriban dola bilioni 12, na ndani ya makaratasi hayo zilikuwamo namba mbili ambazo wazee na watu wenye ulemavu walizidaka haraka kuliko nyingine zote. Ya kwanza ilikuwa 2,000: mzee au mtu mwenye ulemavu mwenye akiba inayozidi dola 2,000 asingestahili tena kupata Medi-Cal, jina ambalo jimbo hilo limeipa Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu na uangalizi watu wa kipato kidogo. Ya pili ilikuwa 50: mhudumu wa nyumbani asingelipwa zaidi ya saa 50 kwa wiki, muda wa kusafiri ukiwemo.

Miezi 16 tu kabla ya hapo, Januari 2024, California ilikuwa imekifuta kabisa kikomo cha mali. Mabishano yakawa makali. Bajeti ilipopitishwa mwezi Juni, kikomo kilirudi lakini kwa dola 130,000, kuanzia Januari 2026, na lile pendekezo la saa 50 likatupwa kapuni.

Ukiitazama kwa mbali, hii ni hesabu ya wahasibu. Isogelee kidogo. Programu ya California ya huduma za nyumbani inaitwa IHSS. Ofisa wa ustawi wa jamii kutoka kaunti huja nyumbani, huketi sebuleni na karatasi zake, na kuanza kuuliza: unaweza kuinuka kitandani mwenyewe? Unafika chooni bila kushikwa? Kila shughuli hupewa alama na muda wake. Kufua, kama mashine iko ndani ya nyumba, saa 1 kwa wiki. Kama inabidi kutoka nje, saa 1 na nusu. Kununua chakula, saa 1 kwa wiki. Usafi wa nyumba, saa 6 kwa mwezi. Kuogesha, kuvisha na kulisha huhesabiwa kwa dakika. Yote yakijumlishwa hayavuki saa 283 kwa mwezi, hata kama mhusika hawezi kuinua kidole.

Gawa 283 kwa wiki 4, unapata saa 70 na dakika 45. Sasa mfikirie mama anayemtunza mwanawe mwenye ulemavu mkubwa, naye ndiye mhudumu pekee anayelipwa na programu hiyo. Kikomo cha saa 50 kingemwondolea malipo ya saa 20 na ushee kila wiki. Mtoto haachi kuhitaji kugeuzwa kitandani kwa sababu saa ya 51 imeingia. Ama aletwe mgeni nyumbani, kama atapatikana, ama mama afanye bure.

Wengi wenu mnaosoma haya mkiwa Minneapolis, Dallas au Lowell mnaijua kazi hii kwa mikono yenu. Wakenya, Watanzania na Wakongo ni wengi mno katika zamu za kutunza wazee na watu wenye ulemavu Marekani, na katika nguvu kazi hiyo kwa ujumla zaidi ya robo ni wahamiaji. Wengine sasa wana wazazi wao huko huko, wamezeeka, nao wanahitaji kushikwa mkono. Kwa hiyo swali la nani huamua saa hizo, na kwa nini zinapokatwa hukatwa nyumbani kwanza, linawahusu mara mbili.

Nani analipa

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa majina mawili. Medicare ni bima ya serikali ya shirikisho kwa waliotimiza miaka 65 na baadhi ya watu wenye ulemavu. Haijali kipato chako. Wengi hudhani kwamba mzazi akiishiwa nguvu, Medicare itamlipia nyumba ya wazee. Hailipi, isipokuwa siku zisizozidi 100 za uuguzi baada ya kulazwa hospitali, na nyingi kati ya hizo kwa kuchangia gharama. Uangalizi wa kila siku, yaani kuogeshwa, kulishwa na kusaidiwa chooni, si kazi yake.

Anayelipa ni Medicaid, mpango uliozaliwa pamoja na Medicare mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mwaka 2024 chumba cha watu wawili katika nyumba ya wazee kwa kawaida kiligharimu zaidi ya dola 110,000 kwa mwaka. Ni familia chache zinazoweza kulipa hivyo kwa miaka. Watu hutumia akiba hadi inakwisha, kisha huingia Medicaid, na ndiyo maana takriban wakazi 6 kati ya 10 wa nyumba za wazee nchini humo wanalipiwa na mpango huo. Kile kikomo cha dola 2,000 kinachotumika katika majimbo mengi ndicho mlango wenyewe: lazima ufilisike kwanza. Na usidhani utampa mwanao nyumba au fedha wiki moja kabla ya kuomba, kwa sababu majimbo mengi hukagua miaka 5 nyuma. Ukishafariki, jimbo linatakiwa na sheria ya mwaka 1993 kujaribu kurudisha gharama kutoka kwenye mirathi yako.

Medicaid haina mwenyewe mmoja. Serikali ya shirikisho hulipa sehemu, jimbo hulipa sehemu. Majimbo yenye wananchi matajiri zaidi, kama California na New York, hupewa asilimia 50. Maskini kuliko yote, Mississippi, hupewa takriban asilimia 77. Ni kama mchango wa harusi ambao mjomba tajiri ameahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi ya ukoo. Ukoo ukipunguza mchango wake, mjomba naye anapunguza wake bila kugombana na mtu.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. California ikitaka kuokoa dola milioni 1 ya fedha zake, lazima ikate huduma za dola milioni 2. Idaho, ambayo hupewa karibu theluthi mbili, lazima ikate za takriban milioni 3. Mississippi, zaidi ya milioni 4. Jimbo maskini ndilo linaloumia zaidi kwa kila dola inayookolewa, na hilo halisemwi mara nyingi kwenye mikutano na waandishi wa habari.

Sasa ongeza sharti moja. Serikali ya shirikisho inaweza kukopa. Majimbo yote isipokuwa Vermont yana sharti la namna fulani la kusawazisha bajeti. Uchumi ukiyumba, kodi hushuka katika mwaka ule ule ambao watu waliopoteza kazi wanamiminika Medicaid. Ukiondoa elimu ya msingi na sekondari, hakuna fungu linalomeza fedha za majimbo kama hili. Gavana anayetafuta mahali pa kukata hana pengi pa kwenda.

Lazima na hiari

Mpaka hapa hatujajibu kwa nini nyumbani ndiko hukatwa kwanza. Jibu limo katika sheria yenyewe, na ni la kushangaza kidogo ukilisikia kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Medicaid imegawa huduma katika mafungu mawili. Kuna zile ambazo jimbo lazima lizitoe kwa kila anayestahili, na kuna zile ambazo jimbo linaweza kuzitoa likitaka. Nyumba ya wazee imo katika fungu la lazima. Huduma nyingi za kumsaidia mtu aishi kwake, yaani mhudumu wa kumwogesha, shughuli za mchana, usafiri, mapumziko kwa mlezi, ngazi ya kupandishia kiti cha magurudumu, zimo katika fungu la hiari. Sheria iliandikwa mwaka 1965, wakati mtu mwenye ulemavu mkubwa alidhaniwa kuwa mahali pake ni kwenye taasisi. Dunia imebadilika, lakini mgawanyo huo upo pale pale.

Ufa wa kwanza ulitokana na mtoto mmoja wa Iowa. Katie Beckett aliugua ugonjwa wa ubongo mwaka 1978 akiwa bado mchanga, akabaki anategemea mashine ya kupumulia. Bima ya wazazi wake iliisha. Medicaid ilikuwa tayari kulipia hospitali ya Cedar Rapids, kwa gharama kubwa zaidi, lakini si huduma ile ile nyumbani. Novemba 1981 Rais Ronald Reagan alimtaja hadharani kama mfano wa kanuni zisizo na akili, na mwezi uliofuata mtoto akarudi kwao. Aliishi hadi miaka 34. Mwaka huo huo wa 1981 Kongresi iliruhusu majimbo kuomba vibali maalumu, vinavyojulikana kwa namba ya kifungu chao, 1915(c), ili yatumie fedha za Medicaid kumhudumia nyumbani mtu ambaye vinginevyo angekuwa kwenye taasisi.

Vibali hivyo leo ni zaidi ya 250, na majimbo mengi yana vyake. Vimefanya kazi kubwa: tangu mwaka 2013 fedha za Medicaid za uangalizi wa muda mrefu zinazokwenda kwenye huduma za nyumbani na za jamii zimezidi zile zinazokwenda kwenye taasisi. Lakini kibali kina sifa moja ambayo nyumba ya wazee haina. Jimbo linaruhusiwa kuweka idadi ya watu. Likisema nafasi 5,000, wa 5,001 anasubiri, hata kama ugonjwa wake ni mzito kuliko wa wote waliotangulia. Kwenye nyumba ya wazee hakuna foleni ya namna hiyo. Ukistahili, jimbo linalipa.

Ndiyo maana kila bajeti inapobana, mkono wa jimbo hukimbilia kwenye fungu ambalo sheria inaruhusu ligusike. Si kwa sababu magavana wanachukia watu kukaa kwao. Wengi wanajua kabisa kwamba nyumbani ni nafuu kwa kila mtu mmoja mmoja. Wanakata panapokatika.

Foleni

Shirika la utafiti wa sera za afya la KFF huhesabu foleni hizi kila mwaka. Nchi nzima zina watu zaidi ya 600,000. Namba hiyo inahitaji tahadhari, kwa sababu majimbo hayahesabu kwa namna moja. Texas humwandikisha yeyote anayeomba, bila kwanza kuthibitisha kama anastahili, na hata jina la foleni yake linasema ni ya walioonyesha nia. Ndiyo maana ni ndefu mno. Majimbo mengine huchuja kwanza. Kwa hiyo kulinganisha jimbo na jimbo kwa urefu wa foleni peke yake ni kujidanganya. Hata hivyo, kwa watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, wastani wa kungoja nchini unazidi miaka 3, na Texas wapo waliongoja zaidi ya 10. Huko mzazi mjanja humwandikisha mtoto siku anapopewa majibu ya daktari, akijua kwamba zamu yake ikifika huenda mtoto atakuwa ana ndevu.

Ukihama jimbo, unaanza upya. Kibali hakivuki mpaka, wala miaka uliyokwisha kungoja. Familia iliyongoja miaka 8 Houston kisha ikafuata kazi Indiana inaandikishwa huko kama imewasili jana. Nimesikia watu wakishauriana kuhama kwa kuangalia kodi ya nyumba na shule peke yake, na hakuna aliyewaambia jambo hili.

Mahakama ililigusa suala hili mwaka 1999. Lois Curtis na Elaine Wilson walikuwa wamezuiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya serikali mjini Atlanta, ingawa madaktari wao wenyewe walisema wanaweza kuishi uraiani. Katika kesi inayoitwa Olmstead, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu kwenye taasisi bila sababu ni ubaguzi chini ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Jaji Ruth Bader Ginsburg ndiye aliyeandika uamuzi. Wanaharakati huutaja kama ushindi, na ni ushindi kweli. Ila usome mpaka mwisho: uamuzi huo huo unaruhusu jimbo kuangalia uwezo wake wa fedha, na unakubali foleni mradi inasonga kwa mwendo wa kuridhisha. Mwendo gani unaridhisha? Hilo limebishaniwa mahakamani tangu siku hiyo.

Kukata bila kusema umekata

Kufuta huduma hadharani kuna gharama ya kisiasa. Njia iliyozoeleka zaidi ni kuacha viwango vya malipo palepale wakati bei za kila kitu zinapanda.

Jimbo halimwajiri mhudumu moja kwa moja mara nyingi. Linalipa kampuni ya huduma kwa vipande vya dakika 15, nayo kampuni inamlipa mhudumu. Ukifika kwa mteja unabonyeza programu kwenye simu, ukiondoka unabonyeza tena, na simu inarekodi mahali ulipo. Ni matakwa ya sheria ya shirikisho ya mwaka 2016. Kila dakika imefungwa kwenye kiwango ambacho bunge la jimbo limekiweka. Kampuni haiwezi kumwongezea mteja bei kama muuza duka anavyofanya. Kiwango kikilala, mshahara unalala.

Texas ni mfano mzuri kwa sababu pale bunge huandika mshahara wa msingi wa mhudumu ndani ya bajeti yenyewe. Kwa miaka ulikuwa dola 8.11 kwa saa. Mwaka 2023 ukapandishwa hadi 10.60. Mwaka 2025, baada ya kelele nyingi, ukafika 13. Ni nyongeza kubwa kwa asilimia, lakini katika mji ambapo ghala la vifurushi linalipa 18 na halikutaki umnyanyue mtu mzima kutoka bafuni, dola 13 haimshiki mtu kazini. Mhudumu anaondoka. Familia ina barua inayosema imeidhinishiwa saa 40 kwa wiki, na hakuna wa kuzifanya. Kwenye vitabu vya jimbo saa hizo zipo. Zisipofanywa, jimbo halilipi, na mwisho wa mwaka fedha zinabaki. Mimi naihesabu hiyo kuwa kukata, hata kama hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Wakati mwingine kiwango kinashushwa waziwazi. Septemba 2025 Idaho ilipunguza malipo ya Medicaid kwa asilimia 4 karibu kwa watoa huduma wote. Oktoba, North Carolina ilipunguza kwa asilimia 3 hadi 10 baada ya bunge na gavana kushindwa kukubaliana juu ya fedha za kuziba upungufu. Kesi zikafunguliwa na Desemba Gavana Josh Stein akarudisha viwango vya awali. Miezi michache tu, lakini kampuni ndogo yenye nyumba mbili za watu wenye ulemavu haina akiba ya kungoja kesi.

Kuna na njia ya kubadili uendeshaji. New York ina programu inayomruhusu mgonjwa kumchagua mhudumu wake mwenyewe, hata ndugu, na zaidi ya watu 200,000 waliitumia. Katika bajeti ya mwaka 2024 jimbo liliamua kwamba zaidi ya kampuni 600 zilizokuwa zikishughulikia mishahara ya wahudumu hao zibaki moja tu. Serikali ilisema ni kudhibiti gharama na ubadhirifu, na ubadhirifu ulikuwapo. Ila mabadiliko hayo mwaka 2025 yalikuja na malalamiko mengi ya wahudumu waliochelewa kulipwa. Huduma haikufutwa hata moja kwenye karatasi.

Sheria ya Julai 2025

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Kwa makadirio ya ofisi ya bajeti ya Kongresi, inapunguza fedha za shirikisho kwa Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka 10. Mtu akikwambia haikugusa wazee na watu wenye ulemavu, anasema ukweli wa juu juu. Masharti ya kufanya kazi, ambayo majimbo yanatakiwa kuwa yameyaanzisha kufikia Januari 2027, yanawahusu watu wazima wengine. Lakini fedha zinazoingia kwenye mfuko wa jimbo hazina rangi.

Chukua kodi ya watoa huduma. Majimbo yote isipokuwa Alaska huzitoza hospitali, nyumba za wazee au wengineo kodi, hutumia fedha hizo kama mchango wa jimbo, hupata fungu la shirikisho juu yake, kisha huwarudishia watoa huduma viwango bora. Wakosoaji huiita ujanja, na kwa kweli ina ujanja ndani yake. Kikomo kimekuwa asilimia 6 ya mapato. Sheria mpya inagandisha kodi hizo kila mahali, na kwa majimbo yaliyopanua Medicaid, yaani yaliyowaingiza watu wazima wengi zaidi wa kipato kidogo, inakishusha kikomo kidogo kidogo kuanzia mwaka wa fedha wa 2028 hadi asilimia 3.5 mwaka 2032. Nyumba za wazee zimeachwa nje ya ushushaji huo. Umeona tena? Taasisi imekingwa kwa jina. Nyumbani hakuna aliyeandika kinga. Pengo likifika kwenye meza ya bunge la jimbo, litazibwa kutoka kwenye mafungu ya hiari.

Majimbo hayaingii huko yakiwa na akiba nono. Mwaka 2021 sheria ya kukabili madhara ya korona iliyaongezea asilimia 10 zaidi kwa huduma za nyumbani kwa mwaka mmoja, na yakapewa hadi Machi 2025 kuzitumia. Mengi yalipandisha viwango na kutoa bonasi. Fedha za mara moja zikawa zinalipa mishahara ya kila wiki, kisha zikaisha.

Kipengele kimoja kinawagusa Waswahili moja kwa moja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana ukazi wa kudumu wanaondolewa kwenye orodha ya wanaostahili Medicaid ya kawaida. Miongoni mwa waliopelekwa Marekani kama wakimbizi miaka ya karibuni, Wakongo ni kati ya makundi makubwa, na familia nyingi kutoka kambi kama Nyarugusu zimefika na wazee au watoto wenye ulemavu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, na kwa familia yenye mgonjwa hiyo fomu si ya kuiweka kabatini. Jimbo likitaka kuwahudumia watu hawa katika muda wa kati, kwa kawaida litatumia fedha zake peke yake. Ni uamuzi wa bajeti, na kila jimbo litaamua lake. Kwa mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa kadi ya kijani hali ni ya tangu 1996: kwa kawaida miaka 5 ya kungoja.

Jimbo la Washington limejaribu njia yake. Tangu Julai 2023 wafanyakazi wengi hukatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwa mfuko wa uangalizi, na kuanzia Julai 2026 aliyetimiza masharti anaweza kutumia hadi dola 36,500 maishani. Novemba 2024 wapiga kura walikataa pendekezo la kuufanya mfuko huo kuwa wa hiari. Dola 36,500 hailipi hata nusu mwaka katika nyumba ya wazee. Inamlipa mhudumu wa saa chache kwa siku kwa muda mrefu kiasi, na kwa wengi hicho ndicho kipindi ambacho huamua kama mtu ataishi kwake au la. Jimbo hilo hilo lina nyumba ndogo zenye leseni ya kutunza watu wachache, kwa kawaida wasiozidi 6, na kusini mwa Seattle si ajabu kugonga mlango wa moja ukafunguliwa na Mkenya. Wenye nyumba hizo wana chama kinachojadiliana viwango na serikali ya jimbo, kwa hiyo kiwango chao hakiandikwi bila wao kuwapo mezani. Wahudumu wa Texas hawana kitu kama hicho.

Barua ikija

Ukipata barua kwamba saa za mzazi au mtoto wako zimepunguzwa, itazame tarehe kabla ya kitu kingine. Kwa kawaida jimbo linatakiwa kukutumia notisi angalau siku 10 kabla ya mabadiliko. Ukiomba kusikilizwa kabla ya tarehe ya kuanza, kwa kawaida huduma huendelea kama zilivyokuwa hadi uamuzi utolewe. Ukishindwa, jimbo linaweza kudai gharama za kipindi hicho, jambo ambalo ni vizuri kulijua kabla ya kusaini. Ukichelewa siku moja, rufaa bado ipo lakini huduma inaweza kukatika ukiwa unangoja. Uliza pia ni kazi gani hasa iliyopunguziwa dakika: kuogesha au kufua? Mara nyingi ofisa ameandika kwamba kuna ndugu nyumbani anayeweza kusaidia, na ndugu mwenyewe yuko kazini zamu mbili.

Rufaa hiyo ina mpaka. Inamfaa mtu ambaye hesabu yake binafsi imekosewa. Kama bunge limebadili sheria kwa watu wote, jimbo halilazimiki kukusikiliza kwa kulalamikia sheria yenyewe. Hapo mahali pa kusemea ni kamati ya bajeti, na kalenda ndiyo kila kitu. Katika majimbo 46 mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo gavana hutoa pendekezo lake karibu na Januari na vikao vya wananchi hufuata miezi ya baridi na masika. New York huanza Aprili, Texas Septemba, Alabama na Michigan Oktoba. Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka 2, kwa siku zisizozidi 140. Kijacho ni Januari 2027, lakini tume ya afya ya jimbo hupeleka maombi yake ya fedha mwaka unaotangulia, na nafasi ambayo haikuombwa wakati huo ni ngumu kuichomeka baadaye. Katika kitabu cha bajeti ya Texas tafuta Kifungu cha II: humo, chini ya kila kibali, huandikwa wastani wa watu watakaohudumiwa kwa mwezi.